Jino la Sajenti

Watu wa senta ya Itiryo walipomwona Sajenti akitokea upande wa machinjio, mate yanamchuruzika na kichwa anakitikisa huku na huku, waliokaa walisimama na waliosimama walikimbia. Muuza mihogo aliacha karai lake motoni. Mtu mmoja alipiga kelele, "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" na vijana wakaanza kuokota mawe.

Scholastica Nyangwine alikuwa kibarazani kwake, anashona sare za shule. Mbwa yule alikuwa wake. Alimlea tangu akiwa mdogo kama kiatu, baada ya mama yake kugongwa na lori la mahindi, na siku zote Sajenti alishinda amelala chini ya cherehani, juu ya vipande vya vitambaa. Chanjo ya kichaa alishapata; Scholastica mwenyewe ndiye aliyempeleka. Kwa hiyo wenzake walipokimbia kurudi nyuma, yeye alikwenda mbele.

"Mama Jackson, acha! Atakuuma!"

"Msirushe mawe," alisema. "Ana kitu mdomoni."

Kweli alikuwa nacho. Kipande cha mfupa wa mbavu kilikuwa kimekwama juu mdomoni, kimekaza kati ya magego ya upande huu na ya upande ule, na mbwa hawezi kumeza wala kutema. Scholastica alimbana kichwa kwa magoti, akampanua taya kwa mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia na kuvuta. Mfupa ulitoka. Sajenti alilia mara moja, akafunga mdomo kwa maumivu, na jino likamkwaruza Scholastica kwenye shina la kidole gumba. Hata kusema limemuuma ni kulikuza. Lilipita tu. Halafu mbwa akaanza kumlamba mikono, anatikisa mkia mpaka kiuno kinapinda, na wale waliokuwa na mawe wakayadondosha wakicheka. Muuza mihogo alirudi mbio kwenye mafuta yake.

Scholastica alimwagia mkono maji ya ndoo, akazungushia kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sketi aliyokuwa anashona, akarudi kukanyaga cherehani. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na kila mzazi alitaka ya mwanawe iishe kwanza.

Siku ya pili yake hakuwa na neno. Siku iliyofuata, alipokuwa anapima mabega ya mtoto wa jirani, mkono ulianza kumtetemeka hadi futi ikaanguka. Alidhani ni baridi ya milimani. Akavaa sweta, kisha akaongeza koti la mumewe, na bado meno yakagongana. Zahanati walimpima malaria wakasema hana. Alipowaonyesha mkwaruzo, nesi aliutazama, akauliza kama mbwa amechanjwa, akaambiwa ndiyo.

"Kichaa hakiji haraka hivi, mama. Labda ni homa tu. Kunywa hizi, ukizidiwa urudi."

Alizidiwa kabla jua halijazama. Alitapika hadi kikabaki kitu cha njano. Tumbo lilimkaza. Na asubuhi mumewe, Stanslaus Mogesi, alipofunua blanketi ampe uji, aliliachia lile blanketi likarudi lenyewe. Miguu ya mkewe ilikuwa na madoa. Si vipele, si uvimbe. Madoa ya zambarau, mengine madogo kama mbegu za ulezi, mengine mapana kama kiganja, yamepanda hadi mapajani, kana kwamba mtu alimpiga usiku kucha naye asisikie.

Aliita mama yake. Bibi Nyangi aliingia, akatazama, akajifunika mdomo kwa kanga.

"Mwanangu, huu si ugonjwa wa hospitali," alisema akiwa nje. "Juzi alikuwa anaimba hapa. Huu ni mkono wa mtu. Twende kwa yule mzee wa ng'ambo ya mto kabla hatujachelewa."

Stanslaus hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Alisimama katikati ya uwanja, ng'ombe hawajafunguliwa bado, hajui aelekee wapi. Ndipo sauti ya mkewe ilipotoka ndani, ndogo, ya mtu anayeuliza jambo la kawaida.

"Baba Jackson. Mbona vidole vyangu sivisikii?"

Alirudi ndani, akavishika. Vilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, wakati paji la uso lilikuwa linaunguza. Ncha za kucha zilikuwa za bluu.

"Mama, utanisamehe," alisema. Akakimbia barabarani kusimamisha gari la ndizi lililokuwa linashuka Tarime.

Hospitalini mjini walimpokea kwa machela. Daktari wa zamu aliitwa Nelson Oduol, kijana mrefu wa pande za Shirati. Aliagiza dripu, akaagiza dawa kali ya bakteria ianze kuingia kwenye mshipa papo hapo, kabla ya majibu yoyote. Ndipo alipoinua gauni apapase tumbo, akasimamisha mkono.

"Hili kovu ni la nini?"

"Ajali ya bodaboda, miaka ya nyuma," alijibu Stanslaus. "Damu ilikuwa inavujia ndani, ikabidi apasuliwe. Hospitali nyingine, si hapa."

"Walitoa kitu?"

"Bandama, walisema."

Daktari alimtazama mgonjwa usoni, akatazama ncha ya pua iliyoanza kuwa nyeusi, akatazama mikono. Kisha akauliza swali ambalo Stanslaus hakulitegemea hata kidogo.

"Nyumbani mna mbwa?"

Stanslaus alirudi hatua moja nyuma. Tangu wafike hakuna aliyetaja mbwa. Kwa muda mfupi alifikiri huyu naye ni mganga, amevaa koti jeupe tu.

"Tunaye," alisema. "Umejuaje?"

"Amemuuma?"

"Hapana. Alimkwaruza kidogo kwa jino, akimtoa mfupa. Hata damu haikutosha kulowesha kitambaa."

"Wapi?"

Alimwonyesha. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa umeshafunga. Ilibidi uinamishe kichwa ndiyo uuone.

Daktari Nelson alichukua damu, akaipeleka maabara kwa miguu yake. Mwenye zamu huko alikuwa Akech, dada wa makamo aliyetazama damu za watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Waliipaka kwenye kioo, wakaitia rangi, na yeye ndiye aliyeanza kutazama kwenye hadubini. Kwanza alisema hakuna malaria. Halafu akazungusha kitufe, akasogea pembeni ili daktari aone.

Kwenye chembe nyeupe za damu kulikuwa na vijiti. Vyembamba, virefu, vimelala ndani ya chembe kama sindano zilizochomekwa kwenye pamba.

"Kuwaona bakteria hivi, kwenye tone la damu, moja kwa moja?" Akech alinong'ona. "Si lazima wawe wengi mno?"

"Hana kitu cha kuwazuia," alisema daktari. "Hawa nimewasoma tu chuoni. Wanatoka kwenye mate ya mbwa." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Mbwa mzima kabisa. Asiyeumwa chochote."

Wote wawili walirudia kutazama, kila mmoja kwa zamu, kana kwamba wakitazama tena vitakuwa vimeondoka.

Nje kwenye benchi simu ya Stanslaus iliita. Alikuwa mdogo wake, Nikodemo, na nyuma yake kelele za watu.

"Kaka, habari zimefika kwamba shemeji ana hali mbaya. Tumemfunga yule mbwa. Vijana wana mikuki hapa, wanasubiri neno lako tu."

Stanslaus alifumba macho. Alitaka kusema muueni. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na lilikuwa tamu. Daktari alikuwa ametoka, amesikia, akamshika bega.

"Usimuue. Nina hakika kubwa kwamba si kichaa, lakini nataka hakika kamili. Akiendelea kuishi mzima hapo alipofungwa, hiyo hofu tutaitoa. Akiuawa sasa hivi, tutabaki kubahatisha."

"Daktari, mbwa huyu anamuua mke wangu."

"Mke wako yuko hai. Tuanzie hapo."

Stanslaus alirudisha simu sikioni.

"Mfunge nyuma ya zizi," alisema. "Mpe maji. Mwite bwana mifugo amtazame. Na atakayemgusa tutaonana." Alikata simu, akatema mate chini, akaketi na kulia mbele za watu, kitu ambacho mwanamume wa kwao hafanyi.

Scholastica alipigana. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Figo zilisitasita, wauguzi wakawa wanapima kila tone la mkojo. Mwanawe Jackson alikuja kutoka Issenye anakosoma, akasimama miguuni pa kitanda na kushindwa kumsalimia mama yake, kwa kuwa hakuwa na hakika kwamba ni yeye. Bibi Nyangi naye alikuja na maziwa ya mgando ambayo mgonjwa hakuweza kunywa. Alikaa naye hata hivyo, akimshika kifundo cha mguu, mahali pekee mguuni penye joto. Habari ya mzee wa ng'ambo ya mto hakuitaja tena.

Asubuhi ambayo akili ilimrudia sawasawa, Scholastica aliinua mikono aitazame. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nani amenipaka wino?" aliuliza.

Vidole vitatu vya mkono wa kushoto na viwili vya kulia, kutoka kucha hadi pingili ya kati, vilikuwa vyeusi na vimekauka kama maharage yaliyounguzwa. Alijaribu kukunja kimoja. Kilikuwa kama si chake.

"Vitarudi?" alimwuliza daktari.

Daktari Nelson alivuta kiti akaketi, jambo ambalo madaktari hawalifanyi sana. "Hapana, mama. Damu ilishindwa kufika huko. Itabidi tuviondoe, pamoja na vidole kadhaa vya mguu. Pua itabaki na alama. Lakini utaishi."

"Mimi ni fundi cherehani."

"Nimeambiwa."

Alilia bila sauti. Baadaye, alipokuwa ametulia, alitaka kuelewa. Daktari alimweleza kwamba bandama ni kama chujio. Damu ikipita pale, wadudu wa aina fulani wananaswa kabla hawajazaana. Mtu asiye na bandama anaweza kulima, kuzaa, kucheza ngoma, asijue kabisa kwamba chujio halipo, mpaka siku mdudu wa aina hiyo atakapoingia. Ndiyo maana hupewa chanjo za magonjwa mengine, na huambiwa akimbilie hospitali homa ikija.

"Bandama?" alisema Scholastica. "Bandama hii ninayoijua mimi? Ya ng'ombe? Ile tunayowatupia mbwa tukichinja?"

Akech, aliyekuwa amekuja kuchukua damu, aligeukia dirishani.

"Ndiyo," daktari alisema. "Hiyo hiyo."

"Siku natoka ile hospitali nyingine, walikuja wakasema, 'Bandama tumeitoa, lakini utaishi tu vizuri bila hiyo.' Basi. Nikashukuru, nikaenda nyumbani. Hakuna aliyesema kuna chanjo. Hakuna aliyesema homa ikija nikimbie. Hakuna aliyesema mbwa."

"Walikwambia nusu."

"Nusu," alirudia, polepole. Akatazama tena mikono. "Na mbwa? Naye anaumwa?"

"Haumwi. Bwana mifugo amemwona, anakula, anabweka. Hao wadudu anaishi nao mdomoni siku zote, kama wewe unavyoishi na wa kwako. Mbwa wengi wanao. Na wewe umelambwa na mbwa tangu utoto, sivyo? Mumeo analambwa. Mtoto wako pia. Hawajapata kitu, na pengine hawatapata."

Hilo ndilo lililomshtua kuliko yote. Angekuwa mbwa mgonjwa, angemlaumu. Angekuwa mtu mwenye kijicho, angemjua adui yake. Lakini alikuwa amekaribia kufa kwa sababu ya mnyama mwema, akimtendea wema, na kitu kilichomfikisha hapo kilikuwa hapo miaka yote, kwenye kila mlambo wa mkono, chini ya cherehani yake.

Aliporudi Itiryo, alikuwa anatembea kwa fimbo na viatu vilivyojazwa pamba mbele. Majirani walijaa uwanjani. Waliimba, kisha wakaona mikono, wimbo ukafa katikati. Nikodemo, akidhani anafanya jambo la furaha, alikwenda nyuma ya zizi akamfungua Sajenti.

Mbwa alikuja kama risasi. Alikuwa amekonda, kamba inaburuzwa nyuma yake, na analia kile kilio cha mbwa aliyedhani ameachwa. Alimfikia Scholastica, akaegemeza kifua kwenye magoti yake, akanyoosha ulimi kuelekea kwenye bandeji.

Sauti iliyomtoka Scholastica hata yeye mwenyewe hakuijua. Ilikuwa yowe la mtu aliyekanyaga chatu. Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, fimbo ikaanguka, naye akaanguka juu yake, bado amenyoosha mikono hewani. Sajenti alirudi nyuma, akalala chini tumbo ardhini, anamtazama. Hakuelewa. Stanslaus alimvuta kwa kamba, na mbwa akaenda huku kichwa amekigeuza nyuma hadi walipopotea nyuma ya ghala.

"Mimi ndiye niliyemlea," Scholastica alisema akiwa bado chini, kwa mshangao, kama anayetoa habari za mtu mwingine. "Ni mimi."

Hawakumuua. Daktari alikuwa amesema hakuna haja ya kumuua, bali mbwa asimlambe Scholastica, naye asimtie mkono mdomoni, na akikwaruzwa hata kidogo aoshe kwa sabuni na maji mengi, ameze vidonge alivyopewa kuviweka karibu, kisha aende hospitali bila kungoja kesho. Chanjo zake alizipata mjini, moja baada ya nyingine. Sajenti akawa mbwa wa Stanslaus na wa ng'ombe; alilala zizini, akashinda malishoni. Jioni, kundi likirudi, alisimama kwenye ukingo wa uwanja akitazama kibarazani. Scholastica alimsalimia kwa jina kutoka alipokaa. Mbwa alitikisa mkia, hakusogea. Alikuwa amejifunza haraka kuliko watu wengi.

Kushona kulichukua muda zaidi. Alijifunza upya kushika kitambaa kwa kiganja na kutia uzi kwa meno. Sketi ya kwanza ilitoka imepinda pindo, na mama wa mtoto aliichukua akasema ni nzuri sana, na wote wawili walijua si nzuri. Ya nne ilinyooka.

Alikuwa anapiga pasi siku moja alipokumbuka jambo lililomfanya aweke pasi chini. Katika wodi ile ya zamani, miaka ya ajali, kulikuwa na mwanamume wa Kerende, mchimbaji, aliyeangukiwa na udongo shimoni. Walikuwa wakitaniana kupitia mlango uliotenganisha wodi za wanaume na wanawake, kwa sababu walipasuliwa siku moja na walitolewa kitu kimoja. Magige. Aliruhusiwa kwa maneno yale yale: utaishi tu vizuri.

"Baba Jackson," aliita. "Kesho nipeleke Kerende."

Mumewe hakuuliza mara mbili.

Walimpata baada ya kuulizauliza kwenye maduka ya barabarani. Magige alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, miguu pekupeku, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni. Aliwapokea kwa furaha ya mtu ambaye hapati wageni wengi.

"Shikamoo, kaka," alisema Scholastica.

"Marahaba. Karibuni viti. Samahani, sikukumbuki sura."

"Wodi. Mimi ni yule wa bodaboda. Wa Itiryo."

"Eh! Mama wa kucheka!" Magige alipiga paja. "Mwenzangu wa kukosa bandama! Sasa unaona, si walisema kweli? Nipo hapa, nachimba, nakula, sijaumwa kitu."

Scholastica hakucheka. Mikono yake alikuwa ameifunika kwa kanga tangu alipokaa. Aliifunua, akaiweka juu ya magoti, na kumweleza. Hakurefusha. Mfupa, jino, mkwaruzo usioonekana, homa, madoa, vidole. Alimweleza kuhusu chujio na kuhusu ile nusu ambayo hawakuambiwa. Kadiri alivyosema ndivyo tabasamu la Magige lilivyobaki usoni bila kuwa na kazi, kama taa iliyosahauliwa mchana.

Mtoto wa mbwa wa kahawia alikuwa ametoka uvunguni mwa kiti. Alikuwa anakilamba kisigino cha Magige, palipokuwa na ufa wa kukanyaga mawe, wenye damu kidogo. Hakuna aliyemtilia maanani, hata mwenye mguu.

Kisha Magige alitazama chini.

Aliuvuta mguu taratibu sana, akauinua juu ya kiti, akaushika kwa mikono miwili.

"Kila siku," alisema. "Kila siku analamba hapo. Mimi mwenyewe humwachia. Nilisikia mate ya mbwa yanaponya kidonda."

"Una sabuni?" Scholastica aliuliza.

Magige hakusikia. Alikuwa anaangalia vidole vilivyobaki vya mgeni wake, anavihesabu kwa macho, anarudia. Stanslaus aliinuka, akachukua ndoo iliyokuwa mlangoni, akapiga hodi ndani kumwomba mke wa Magige sabuni na maji mengi.

"Leo twende wote hospitali," Scholastica alimwambia. "Usingoje homa. Kuna chanjo na kuna vidonge. Nitakaa na wewe mpaka daktari akwambie yote."

Mkewe Magige alitoka akijifuta mikono, akamwona mumewe ameukumbatia mguu wake kama mtoto, na wageni asiowajua wanamwagia maji.

"Kuna nini?" aliuliza.

Magige alielekeza kidevu kwa Scholastica. Scholastica akainua mikono yake tena, akaanza upya.